Mlinzi wa Ilford Aliyeitwa Mwongo na Mashine

Saa moja kasorobo asubuhi, maduka ya Ilford, huku ughaibuni, yakiwa bado yamefungwa, Mwanamwema Shee amesimama kwenye mlango wa maegesho ya magari, chini kabisa ya jengo la maduka. Anabonyeza kitufe, kizuizi kinapanda. Anaachia, kinashuka. Gari linapita na dereva hata hamtazami.

"Hini ndiyo kazi yangu sasa," anasema huku akipuliza viganja. "Kubonyeza."

Hadi Machi mwaka huu, mama huyu wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Lamu, ndiye aliyeshika funguo za jengo zima, milango mia mbili na kumi na miwili. Kwa miaka kumi na moja alikuwa wa kwanza kuingia, na katika muda huo wote hakikupotea hata kikombe. Leo funguo zimo mikononi mwa mtu aliyeajiriwa Januari.

Hakuiba. Hakuna hata anayedai kwamba aliiba. Kosa lake ni kwamba mashine ilimwona mwongo.

Mambo yalianza pale kampuni ya ulinzi iliyomwajiri, ambayo hatutaitaja kwa kuwa shauri lake halijaisha, ilipopata kazi ya kulinda mahabusu katika vyumba vya chini vya mahakama. Nafasi zikatangazwa, naye akaomba.

"Vijana wakishikwa na nguo za wizi dukani, mimi ndiye n'liyekuwa nawakabidhi kwa polisi," anaeleza. "Wengine walia kama watoto. Nikawa najiuliza, wakifika kule chini, nani awapa hata maji? Nikataka niwe mimi."

Usaili alipita. Kwa daktari alipita. Rekodi zake zilichunguzwa, zikarudi safi. Kikabaki kipimo cha kugundua uongo, kitu kipya ambacho kampuni ilikianzisha kwa ajili ya kazi hiyo ya mahabusu. Fomu ilisema kipimo ni cha hiari. Asiyesaini, jina lake linaondolewa kwenye orodha. Basi hata mbuzi naye huenda machinjioni kwa hiari, ila kamba iko shingoni.

Siku aliyopangiwa ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana, katika ofisi moja ya kukodi huko Southall. Na Mwanamwema, tangu usichana wake, hufunga Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu ile alifunga kwa nia ya ziada, Mungu ampe kazi ile.

Wakamzungushia mkanda kifuani, wakamvisha kifaa cha kupimia presha mkononi, wakambana vidole kwa vibanio. Kabla ya kuanza, mpimaji akamuuliza kwa upole kama alilala vizuri na kama amekula.

"Nikamwambia, nimekula."

Na kweli alikula. Alikula tende tatu na bakuli la uji saa kumi alfajiri, saa kumi nzima kabla ya kuketi kwenye kiti kile. Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba mzungu yule hakuulizia daku.

Kwa nini hakusema? Ananitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei uchi. "Funga ya sunna ni baina yako na Mola wako. Ukenda ukiitangaza, wewe watafuta sifa. Nyanya yangu angenipiga konzi."

Basi maswali yakaanza. Jina. Anwani. Na Mwanamwema, badala ya kutulia, akawa anajisuta moyoni. "Nawaza, Mungu wangu, huyu mtu nimemdanganya mambo ya chakula. Nirudi nimwambie? Nimwache? Papo hapo akaniuliza: umewahi kumuibia mwajiri wako?"

Akajibu hapana. Moyo wake, uliokuwa na njaa na soni kwa pamoja, ukaruka. Mashine ikachora kilima.

Ripoti ilikuja baada ya siku tisa. Ilikuwa na mistari miwili tu, na mmoja ulisema kuna dalili za udanganyifu katika swali la wizi. Kesho yake akaitwa akabidhi funguo.

Wanasayansi wamebishana juu ya mashine hii kwa miongo mingi, na wengi wao hawaiamini. Inapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho. Uongo hauna jasho lake la peke yake. Mwoga hutoka jasho, mwenye njaa moyo humdunda, na mcha Mungu aliyeteleza kidogo huhangaika kuliko mwizi sugu. Hili linahitaji digrii? Inakera kwamba watu wenye ofisi na mishahara minono walihitaji kuelezwa, na walipoelezwa wakakataa kusikia.

Aliyejaribu kuwaeleza ni Surinder Bhogal, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Alizaliwa Nakuru, akaletwa Southall akiwa na miaka tisa, na Kiswahili chake hakijamtoka. Siku Mwanamwema alipomsimulia habari ya saumu, alijishika kichwa.

"Wewe mama, si ungemwambia tu huyo jamaa umefunga!"

"Dada Surinder, wewe ungemtangazia ibada yako mtu usiyemjua?"

Surinder anakumbuka jibu lake. "Nikamwambia hapana, singetangaza. Lakini mimi, mama, hawakunitia waya."

Tangu anyang'anywe funguo, saa za kazi za mama huyu zimeshuka kutoka arobaini na nane kwa wiki hadi thelathini. Mwanamwema ameomba kazi kwingine mara mbili, kote katika ulinzi. Kote fomu ilimuuliza kama amewahi kushindwa kipimo cha uaminifu. Kote alijibu ndiyo. Kote hawakumwita.

"Angeweka hapana, leo angekuwa kazini," anasema Surinder kwa hasira. "Nani angejua?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkweli, kwa ninavyoiona hapa Ilford, nayo imekatwa.

Kisha mwezi uliopita ikaja barua. Kampuni iko tayari kumpima tena, na akifaulu atafikiriwa kwa kazi ya mahakamani. Sharti ni moja. Kwanza asaini kwamba katika kipimo cha kwanza alificha habari kuhusu wizi.

Niliisoma barua hiyo mara mbili nikidhani Kiingereza changu kimenitupa. Wanamtaka mwanamke aseme uongo kwa maandishi ili aruhusiwe kuthibitisha kwamba ni mkweli. Na aliyeiandika alitia sahihi yake bila haya.

Binti yake wa miaka kumi na tisa, anayesikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, alimsihi asaini yaishe. Wanahitaji kazi ile. Kodi ya nyumba haingoji.

"Nikamwambia, mwanangu, sasa hivi mimi ni mwongo wa karatasi tu. Nikisaini, n'takuwa mwongo kweli, na uongo huo n'taingia nao kule kwa mahabusu."

Alhamisi iliyopita aliirudisha barua kwa posta. Mahali pa sahihi hapana kitu. Rufaa yake dhidi ya ripoti ile itasikilizwa wiki ijayo mbele ya mameneja watatu wa kampuni, Surinder akiwa kando yake.

Gari jingine linapiga honi. Mwanamwema anabonyeza, analiacha lipite, kisha ananigeukia. Namuuliza anatumaini nini.

"Sitaki waniombe radhi," anasema. "Nataka ile ripoti ichanwe mbele ya macho yangu, na jina langu lirudi kwenye orodha. Wanishindanishe na wenzangu. Nikiikosa kazi ile, niikose kwa kuwa yuko mtu aliyenishinda. Nisiikose kwa kuwa siku ile n'likuwa na njaa."