TV Yangu Haidanganyi

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Mwenye ukurasa ameniahidi jina langu halitoki, maana likitoka hapa Dongobesh hata mbuzi watanicheka. Nina miaka hamsini na moja, nina mke na watoto watano. Shule niliishia la sita, la saba lenyewe liliniogopa. Lakini kwenye TV na redio huniwezi. Kuna redio ilipigwa na radi kule mlimani, nikaifungua kwa kisu cha mezani, ikaamka ikashika stesheni za Ulaya siku tatu bila betri. Mwenye nayo yuko hai, muulizeni.

Nilinunua TV bapa pamoja na kile kiboksi cha kuonyesha video za mtandaoni. Kiboksi kimeandikwa HDR. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta hiyo HDR imewekwa ijiwashe yenyewe ikihitajika. Nikasema hapana, kitu cha maana hakingoji kuitwa. Nikailazimisha iwake muda wote, ili zile herufi tatu zitokee kwenye kona ya kioo watu wazione. Picha ilipauka, lakini mimi mpira naangalia kwa king'amuzi, sikujali. Watu wakiuliza HDR ni nini, nawaambia, "Hakuna Duniani Runinga kama hii." Wanacheka, nami najisikia mtu.

Sasa sikilizeni. Mama yetu alifariki nyumbani kwetu Gehandu. Aliyemuuguza miaka miwili ni shemeji yangu, mjane wa kaka yangu. Sisi wengine tulikuwa watu wa kupiga simu. Binti yangu anayefanya kazi Arusha alikuwa amemrekodi bibi yake kwa simu nzuri, video akaiweka mtandaoni ili ukoo wote tuione. Siku ya kumbukumbu ya mwaka, baada ya misa, nikaleta TV yangu. Nimeipakata kwenye hiace imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Nikaiweka uani chini ya turubai, nikajinadi mpaka padri akacheka: "Leo mtamwona mama kuliko mlivyomwona akiwa hai!"

Nikawasha. Herufi zikatokea kwenye kona. Kisha akatokea mama, na uso wake ulikuwa kijivu. Si weusi wa mtu, ni kijivu cha majivu ya jikoni asubuhi. Macho hayana mwanga. Shemeji anamkabidhi kikombe, na kilichomo ndani ya kikombe nacho ni kijivu. Mama anakunywa.

Shangazi yetu ndiye aliyeanza. "Mnaona anachonyweshwa? Mnaona?" Wanawake wakaanza kulia. Shemeji akasimama. "Jamani, ni maziwa! Maziwa ya ng'ombe yule pale!" Mzee mmoja akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Fundi, au hiki chombo chako kimeharibika?"

Ndugu zangu, hapo ndipo. Nilijua picha zangu zinapauka. Kumwambia "labda" tu kungetosha. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na mdomo wangu huu ukasema, "Mzee, TV yangu haidanganyi. Inaonyesha kilichopo."

Jioni ile ikasemwa shemeji alimnywesha mama kitu, na nyumba yake ina mkosi. Kwetu mtu akishasemwa hivyo, hakuna anayekwenda kuomba moto kwake. Hanywi mtu maji yake. Ng'ombe wake hachungwi pamoja na ng'ombe wa wengine. Hakuna anayekutukana, unaachwa tu. Shemeji sasa anachunga peke yake upande wa makorongo, na jirani akimwona njiani anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Alinipigia simu mara moja. "Shemeji, wewe unavijua hivi vitu. Kweli uso wa mama ulikuwa vile?" Nikamwambia nitaangalia.

Niliangalia, lakini si kwa kutaka. Kuna mwalimu wa kike aliletwa hapa kutoka Tanga. Alileta redio yake nimtengenezee, akakuta video ya mama kwenye kioo. Akasema, "Mjomba, mbona umewaua hawa watu?" Moyo ukasimama. Kumbe anazungumzia rangi. Akachukua rimoti. "HDR ni mwanga na rangi za ziada. Kiboksi kinaijua, TV yako haiijui. Umekilazimisha kitume mwanga ambao kioo hakiwezi kuupokea." Akarudisha ijiwashe yenyewe. Herufi zikapotea kwenye kona. Na mama akarudi. Shuka lake jekundu, shanga zake za shingoni, mashavu yanang'aa kwa mafuta. Na kikombeni, maziwa meupe peee. Mwalimu alipoondoka nilifunga mlango nikakaa chini sakafuni, mtu mzima na mvi zangu.

Tangu siku hiyo TV ikizimwa namwona mtu kwenye kioo cheusi, uso kijivu. Ni mimi, najua ni mimi, lakini siku hizi naifunika kwa kitambaa.

Jumamosi hii ukoo unakaa. Wanataka shemeji arudishwe kwao, aache nyumba na shamba. Shangazi amenipigia: "Mwanangu, leta ile TV yako, ndugu zake nao waone." Nikipeleka ile picha ya kijivu, nimemzika shemeji angali hai. Nikipeleka yenye rangi, watasema fundi ameipaka.

Na kuna jambo moja sijamwambia hata mke wangu. Wiki iliyopita shemeji alinitumia kibuyu cha maziwa kwa mtu wa hiace. Ameniamini bado. Mimi ninayejua ukweli wote nilikipokea, nikaona majirani wananitazama, nikaenda nyuma ya nyumba nikayamwaga.

Nitukaneni kwanza, halafu mniambie: Jumamosi, mbele ya watu walewale, naanza na neno gani?