Tovuti Iliyohama Timbwani Bila Kuaga

Mwanasaumu binti Mbwana wa Timbwani alikuwa na ukaidi wa kimya. Hagombi, hanuni, wala hainui sauti. Lakini akishaweka jambo moyoni, jua lichwe lisichwe, atalimaliza. Kupiga taipu alijifunza Frere Town, akapata kazi ya kuandika makaratasi ya mizigo katika ofisi moja ng'ambo ya feri. Kompyuta ya ofisi ilipoungwa na intaneti, mkubwa wake akamruhusu kuitumia saa ya chakula. Wenzake walishuka kula mahamri. Yeye alibaki akijifunza kutengeneza tovuti.

Ya kwanza ilikuwa ya nyumba ya wageni ya shangazi yake, Bi Dhahabu, hapo hapo Timbwani. Tangu fujo za mwaka wa tisini na saba wageni walikuwa wameiogopa Likoni, vyumba vimefungwa, mashuka yamekunjwa. Mwanasaumu akaweka picha za vyumba, akaeleza njia ya kufika, akaweka na ukurasa mzima wa jiko la Achieng, mpishi wa nyumba. Achieng alikuwa mtu wa bara. Siku za zile fujo, watu wa bara walipokuwa wakiwindwa, Bi Dhahabu alimwingiza chumba cha ndani, akamfunika leso yake, kisha akaketi mwenyewe mlangoni na tasbihi mpaka kukatulia. Tangu siku hiyo wawili hao hawakuachana.

Ukurasa wa jiko, na yule samaki wa kupaka wa Achieng, ukawapendeza watu wa nje. Mmoja akautaja katika tovuti yake, mwingine naye akautaja, na mitambo ya kutafutia kwenye intaneti ina tabia hiyo: anayetajwa na wengi ndiye anayetangulizwa. Ikawa mtu wa Ulaya akitafuta malazi Likoni, wa kwanza kumtokea ni Bi Dhahabu. Mashuka yakakunjuliwa.

Sasa, tovuti ile ilikuwa imekaa bure kwa kampuni ya ng'ambo, na kampuni nayo ikawa inabandika matangazo yake humo. Siku moja Mwanasaumu akaja na ukurasa aliouchapisha ofisini amwonyeshe shangazi yake. Bi Dhahabu akavaa miwani. Juu ya jina lake kulikuwa na chupa ya bia inayotoa povu.

"Mwanasaumu."

"Abee, shangazi."

"Mimi nimehiji. Hii pombe yafanya nini kichwani mwangu?"

Wakaamua kununua anwani yao wenyewe. Bi Dhahabu akatoa sharti moja: iwe kimya kimya. Watu wana jicho, na nyumba mpya haitangazwi mpaka mwenyewe ameingia akakaa. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyomwagiza Kioko, fundi wa kompyuta kutoka Changamwe: hamisha, kisha futa yote ya zamani, asijue mtu. Kioko kijana wa adabu, akaambiwa futa, akafuta. Mwanasaumu roho haikutulia, lakini kumpinga shangazi mbele ya mtu wa nje hakuweza.

Basi wale wote waliokuwa wakiitaja nyumba ile wakawa wanaelekeza watu pasipo na kitu. Mitambo nayo ilipita anwani ya zamani, ikakuta patupu, ikaiondoa; na anwani mpya hakuna aliyeijua. Barua pepe zikakatika. Vyumba vikafungwa kimoja kimoja, na Achieng, asiyependa kula cha mtu bila kufanya kazi, akasema mwisho wa mwezi atapanda basi arudi kwao.

Bi Dhahabu aliinuka. Alikwenda chumbani kwake. Mwanasaumu alipomfuata alimkuta ameukumbatia mto, analia. Ikamuuma kwelikweli. Aliwapenda wote wawili, na kutenganishwa kwao kwa sababu ya chupa ya bia aliona ni dhuluma.

"Shangazi," akasema, "tulipohama kutoka Bofu, mbona bibi aliachwa nyuma?"

"Hakuachwa. Alikaa barazani kwenye nyumba ya zamani, awaelekeze wanaotujia."

"Na nyinyi?"

"Mimi na mamako tulipita nyumba kwa nyumba, tukiaga. Mtu hahami hivi hivi, kwani ni mwizi?" Bi Dhahabu akamtazama mtoto wa nduguye. "Na jicho je?"

"Jicho tutalisomea dua. Lakini mgeni akifika akakuta kufuli, yeye asome nini?"

Bi Dhahabu akafuta uso kwa ncha ya leso. "Irudishe. Lakini jina langu lisikae chini ya ile chupa."

"Litakaa la Achieng."

"Achieng hana neno na chupa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku zile akacheka.

Bahati nzuri kurasa zilikuwa bado kwenye disketi, na anwani ya zamani haijapewa mtu mwingine. Kioko akataka kuweka kibao kimoja tu mlangoni, kwenye ukurasa wa kwanza: tumehamia kule. Mwanasaumu akasema hapana, kila ukurasa uwe na kibao chake. Aliyekuja kutazama vyumba afikishwe vyumbani. Aliyekuja kwa samaki afikishwe jikoni, asiachwe getini akiulizauliza. Kioko akasema kweli, akaketi kuandika.

Kisha Mwanasaumu akaanza kuaga. Kila mwenye tovuti aliyewahi kuwataja alimwandikia peke yake, saa ya chakula, kwa Kiingereza chake cha makaratasi ya mizigo: u hali gani, tumehama, tuwie radhi hatukuaga, anwani yetu sasa ni hii, ukipata nafasi tubadilishie. Wasiojibu aliwakumbusha, na waliojibu aliwashukuru. Mahamri akayasahau kabisa. Wallahi, si wengi ambao wangejisumbua vile kwa kazi isiyo na mshahara.

Wengi wakabadilisha. Mitambo ikapita tena, ikafuata vibao, ikaijua nyumba mpya, na jina likaanza kupanda polepole. Lakini mwezi nao ulikuwa ukiisha. Sanduku la Achieng likafungwa kamba, likawekwa ukumbini.

Asubuhi ya safari teksi ikasimama nje. Wakashuka mume na mke, Wazungu wa makamo, mke ameshika karatasi. Hawakuuliza vyumba wala mwenye nyumba.

"Achieng?" yule mke akasema, akigusa picha ya samaki.

Mwanasaumu akaipokea ile karatasi, macho yakaenda moja kwa moja chini, ilipochapwa anwani. Ilikuwa ile mpya. Akataka kumwonyesha shangazi yake, lakini Bi Dhahabu alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea jikoni.

Achieng alikuwa amesimama na kitambaa cha safari kichwani, hajui aende wapi. Mwanasaumu akapiga magoti kando ya sanduku, akafungua kamba, akawa anatoa nguo moja moja. Mwiko ulikuwa chini kabisa. Ulikuwa umeviringishwa ndani ya ile leso ya chumba cha ndani. Achieng akaichukua leso, akaikunjua, akajifunga kiunoni, akaingia jikoni.