Tiketi ya Ngoma ya Ncha za Vidole

Shangazi yangu hanipendi, na mimi namrudishia vile vile bila kupunguza. Ananiita ulimi wa kinyonga. Kwa hiyo likizo ile aliponijia akasema, "Kusanya nguo, tunakwenda Mombasa," nilijua ana shida na hana mtu mwingine. Katika ukoo wetu wote pale Ngamiani, mwenye Kiingereza ni mimi tu, nacho ni Kiingereza cha msichana wa darasa la nane.

Shida yenyewe ilikuwa ngoma. Shangazi ni kiongozi wa chama cha lelemama. Wanawake wanajipanga mstari, sare moja, wanayumba taratibu kwa heshima kubwa, huku wanawatukana wenzao wa chama kingine kwa nyimbo zisizo na heshima hata chembe. Sasa kiongozi wa chama cha mtaa wa pili alikwenda Mombasa arusini, akarudi anasema ameiona kwa macho yake ngoma ya Wazungu iitwayo bale. Ati wanawake wanasimama kwa ncha za vidole vya miguu, kama kuku anayekwepa tope. Akatutungia wimbo:

"Wenzenu tumeona ncha za vidole,
nyie mwakanyaga kama mwatwanga mpunga."

Wimbo uliuma. Wiki ile ile wanachama wetu watano walihamia kwake, na wengine tukasikia wanashona sare ya upande wa pili kwa siri. Shangazi akaapa mbele ya kina mama wote: ataiona bale hiyo kabla ya ngoma ya Maulidi, la sivyo anaacha uongozi. Na akiuacha anabaki na nini? Waume wawili waliomwacha na cherehani moja mbovu. Hata mimi, pamoja na roho yangu mbaya, nililiona hilo.

"Shangazi," nikamwambia, "kule inatakiwa tiketi. Kama sinema."

"Sinema ni picha, na picha haina adabu. Hawa ni watu. Kwenye ngoma ya watu unabisha hodi."

Ndivyo ilivyo kwetu. Chama kikienda kutazama ngoma ya wenzao hupeleka sinia: halua, tambuu, marashi. Wenyeji wanampokea kiongozi mlangoni na kumketisha mbele. Basi sinia hilo lilisafiri juu ya mapaja yangu kutoka Tanga, njia ya Moa, likavuka mpaka, likavuka kivuko cha Likoni. Mafuta ya halua yakanichora sketini ramani ya nchi nisiyoijua. Nilipolalamika nikaambiwa nishukuru, kwa sura yangu hakuna atakayetazama sketi.

Kesho yake saa nane mchana tukawa mbele ya ukumbi. Foleni ya Wazungu ilikuwa imenyooka mpaka barabarani. Shangazi hakuitazama. Alipita na buibui lake mpaka dirishani, akaweka sinia mbele ya karani, mtu wa makamo mwenye miwani, akasema, "Hodi. Tumetoka Tanga. Niitie mwenye ngoma."

Karani akaitazama halua kama imemwuma. "Mama, toa hii. Tiketi kwisha."

Bibi wa Kizungu aliyekuwa nyuma yetu akasogea, akapewa tiketi nne.

"Zimekwisha," Shangazi akauliza, "au zimenikwishia mimi?"

"Hii mchezo ya Wazungu, mama. Nenda nyumbani."

"Mimi ni kiongozi wa ngoma. Huyo mwenye ngoma yake akisikia umenisimamisha juani, atakufukuza."

"Atanifukuza kama nitakuingiza!"

Madereva wa teksi waliokuwa ng'ambo ya barabara wakaanza kucheka. Mmoja akapiga kelele, "Bi mkubwa, vua viatu basi, tukuone umesimama kwa vidole!" Nikacheka na mimi. Kofi la Shangazi lilinifika kabla sijamaliza.

Hapo ndipo akaja memsahibu mwingine, amemshika mkono katoto ka kike ka miaka minne hivi, kana nywele za rangi ya katani iliyoanikwa. Akaibamiza tiketi dirishani. Niliyafuata maneno yake kwa shida: yaya wake amekimbia asubuhi ile, sasa anataka arudishiwe pesa ya tiketi ya yaya. Karani akakataa. Tiketi ya yaya hairudishwi. Memsahibu akasema katoto hako hakakai bila yaya, kanauma watu. Kanauma kweli. Wakati wanagombana kalikuwa kanautafuna mkanda wa mkoba wake.

Nikamvuta Shangazi buibui. "Tiketi ipo."

"Wapi?"

"Kwa huyu. Ila ni ya yaya. Yaya anakaa nyuma kabisa, na lazima awe na mtoto wa Kizungu mkononi. Bila mtoto haingii."

Shangazi akakatazama kale katoto na ule mkanda. Bibi yake mzaa baba alikuwa na watumwa, na hajawahi kuacha kutukumbusha. Nikangoja tusi. Badala yake akasema, "Muulize."

Nikamwuliza memsahibu. Akamkagua Shangazi kuanzia kichwani mpaka kandambili, akataka kujua kama ana kazi ya zamani ya kuaminika. Nikamjibu, kwa Kiingereza changu chote, kwamba ametumikia nyumba kubwa ya Wazungu kule kwetu Raskazone miaka saba na bwana alilia alipoondoka.

"Umesema nini cha Raskazone?" Shangazi akauliza kwa ukali. Jina hilo halihitaji mkalimani.

"Nimemwambia kwetu kuna upepo mzuri wa bahari."

"Mwongo. Ushindwe."

Memsahibu akaonyesha buibui kwa kidole. Livuliwe, mtoto ataogopa. Nikafikiri mambo yameishia hapo. Shangazi hajawahi kusimama barabarani bila buibui tangu avunje ungo. Madereva walikuwa bado wanatazama. Akalifungua polepole, akalikunja mara nne, akanitupia usoni. Ndani alikuwa amevaa leso mpya ya sare ya chama, nyekundu na nyeupe, iliyonukia udi, kwa ajili ya kupokelewa mlangoni na kuketishwa mbele.

"Ukicheka," akaniambia, "nitakuuza hapa hapa Mombasa."

Sikucheka. Akakashika kale katoto mkono, kakamwuma, akakafinya kwa siri, kakanyamaza. Wakaingia kwa mlango wa pembeni.

Nilikaa kivulini nikala halua. Nilikula mpaka nikachukia halua, nikawauzia madereva tambuu zote, nikawatukana bure bila kuwaongezea bei.

Alipotoka, leso mpya ilikuwa na doa kubwa mapajani. Memsahibu akampa shilingi, akasema anaweza kuja kesho kuanza kazi. Nikatafsiri neno kwa neno. Nilikuwa na haki ya kufurahi kidogo. Shangazi akaenda mpaka dirishani kwa karani, akaiweka shilingi mbele yake. "Kanunue miwani nyingine. Hii yako haioni watu." Kisha akalivaa buibui lake.

Tukarudi kwenye kivuko, tukafika katikati ya maji ya Likoni.

"Ikoje?" nikauliza.

"Wanaume wamevaa chupi. Mwanamke mmoja kafa, halafu kaamka kusalimia watu. Vidole ni kweli, wanasimama. Nilikuwa naanza kuona miguu vizuri, yule mwanahizaya akanikojolea." Akaminya midomo. "Lakini hebu niambie, wewe uliyesoma. Ule ukumbi una mlango mwingine wa watu kama sisi?"

"Hauna. Karani alisema ni mchezo wa Wazungu."

"Basi na yule mwenzangu wa mtaa wa pili aliingiaje?"

Tukatazamana. Mara ya kwanza maishani mwetu tulikuwa tunafikiri jambo moja, na hatukulipenda.

Ijumaa baada ya alasiri, chama kilikutana barazani kwetu. Yule wa mtaa wa pili akaja na wafuasi wake, wale watano wakiwa mbele na sare mpya, kuja kumsikia Shangazi akishindwa. Nilikuwa ninagawa kahawa.

"Shoga," akasema kwa sauti ya kusikika na majirani, "twaambiwa umeiona bale. Ulikaa safu gani?"

Kina mama wote wakamgeukia Shangazi. Akanywa kahawa mpaka ikaisha, akakiweka kikombe chini.

"Safu uliyokaa wewe," akasema. "Haya nawe niambie, wako alikuwa wa kike au wa kiume?"

Wanawake wakatazamana. Yule mama hana mtoto, na kila mtu anajua hana. Mmoja wa wale watano akauliza, "Wa kike nani?" Kiongozi wao alikuwa anaitazama leso ya Shangazi, ile ya Mombasa, pale mapajani, ambapo doa lilikataa kutoka.

"Kahawa yenu imepoa," akasema, akajitanda buibui, akaondoka.

Wimbo wa vidole haukuimbwa kwenye Maulidi. Watatu kati ya wale watano walirudi wakiomba radhi. Shangazi akawapokea, akawaweka mwisho wa mstari, nyuma kabisa, na hawajui mpaka leo kwa nini mimi nilipowaona wamesimama pale nilimwaga buli zima la kahawa kwa kucheka.