Ufunguo wa Nyumba Yake

Fundi wa funguo pale River Road akishachonga ufunguo huupuliza vumbi la chuma, kisha hupitisha kidole gumba kwenye meno ya ufunguo, taratibu. Siku hizi hupuliza akakwama hapo, macho kwenye lami, mteja amenyoosha mkono. Mama Lenox, anayeuza kufuli kibanda cha pili, alimpeleka kanisani. Wakamwombea, wakamwambia aache mawazo.

Jana fundi alirudi kutoka hospitali huko Upper Hill na pakiti ya dawa.

“Daktari anasema haya mawazo ni ugonjwa, kama tu presha,” alimwambia, sauti ikimezwa na mashine. Akapuliza, akapapasa meno, akamwekea ufunguo kiganjani.

“Ni wa kwangu. Siku usiponiona hapa, Mama Lenox, usipige simu. Kuja ufungue.”