Fyuzi ya Akwero

Kwanza niseme hivi: redio haipigwi makofi. Watu wa Kampala wameniletea redio miaka ishirini na mitatu, na karibu kila mmoja ameshaizaba vibao nyumbani kabla hajaileta. Redio ikinyamaza, unaanza ukutani. Soketi ina umeme? Plagi ni nzima? Waya haujaliwa na panya? Swichi je? Fyuzi je? Hayo yakiisha ndipo unagusa ndani, kimoja kimoja, bila pupa. Mimi Zubairi ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyomfundisha rafiki yangu Onen.

Lakini sizungumzi habari zangu. Namzungumzia Akwero, mke wa Onen, aliyekuwa akiuza uji pale Nsambya chini ya nyumba za reli. Nimechoka kusikia watu wakisema alikuwa mwanamke mkavu, eti hakumlilia mumewe. Alimlilia. Mimi nilikuwapo.

Onen alikuwa karani wa reli, Mwacholi mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Mwaka sabini na nne alitaka redio, na redio dukani haikuwapo. Wenye maduka ya vipuri walikuwa wamefukuzwa nchini, na waliopewa maduka hayo walikuwa wameshauza kila kitu mpaka rafu. Basi tukaamua kuijenga wenyewe. Transfoma tuliitoa kwenye redio iliyoungua, spika kwenye gari bovu, na sanduku tukaliunda kwa mbao za kreti la chai. Jumapili saba zilikwenda hivyo. Ilipotoa sauti mara ya kwanza, Onen alinibeba mgongoni akanizungusha karakana yangu nzima, mtu mzima na kofia yangu. Wallahi sikuwahi kuona mtu mwenye furaha vile.

Ila ilikuwa redio ya woga, na woga wenyewe ulikuwa wa haki. Onen alisikiliza stesheni za nje, na mtu alichukuliwa na askari wa serikali kwa makosa madogo kuliko hayo. Swichi tuliificha nyuma, chini kabisa. Kibanio cha fyuzi tukakificha chini ya transfoma, mahali ambapo fundi mgeni asingekikuta. Akimaliza kusikiliza, alirudisha mshale wa stesheni Radio Uganda. Akitoka nyumbani, alichomoa fyuzi akampa mkewe, mtoto wao Anena asije akaiwasha na kuchezea mshale, jirani akasikia. Akwero aliifunga kwenye pindo la kitenge chake.

“Wenzangu waume zao wanawaachia pesa ya sabuni,” alikuwa akinitania, “mimi naachiwa kijiti cha kioo. Baba Kulusum, rafiki yako huyu ulimwokota wapi?”

Mwaka sabini na saba mambo yakaharibika kupita kiasi. Waacholi na Walangi walitolewa maofisini mchana kweupe, wakapakiwa kwenye buti za magari. Mwezi wa sita Onen akasema hangoji zamu yake. Rafiki yake wa gari la mizigo angemficha mpaka Kisumu. Huko angeuza redio, apate pa kuanzia, kisha amwite mkewe na watoto. Alfajiri aliifunga redio kwenye blanketi la kijivu. Kisha, kwa mazoea tu, mkono ukachomoa fyuzi ukampa mkewe kama siku zote. Akaondoka.

Mchana wake Akwero alikuja kwangu anacheka mpaka machozi. “Ala, Baba Kulusum! Mwenzako amekwenda kuuza redio bubu! Fyuzi hii hapa!” Tulicheka sote wawili. Kilikuwa kicheko chetu cha mwisho cha kweli.

Barua haikuja mwezi wa saba, wala wa nane, wala wa tisa. Ndugu zake Onen walifika kutoka Gulu, wakamwambia, “Mama, kubali, tuweke matanga, mtu huyu hayupo.” Akwero akakataa katakata. “Mume wangu ametoka na redio,” akawaambia. “Redio iko wapi? Iko naye. Siku redio ikirudi bila yeye, hapo nitalia.” Wakamwita mkaidi, na wengine wakasema ana bwana mwingine. Astaghafirullah, midomo ya watu! Yeye akaendelea kupika uji, na kila siku saa sita na nusu aliingia karakanani na debe lake, ananimiminia kikombe, kisha anashika pindo la kitenge kuhakikisha fyuzi ipo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, saa tano asubuhi. Gari lilisimama mlangoni, akashuka sajini mmoja mnene, amebeba kitu kwenye blanketi la kijivu. Alikitua mezani akafunua, na mimi nikaitambua. Mbao za kreti la chai. Kifundo cha sauti nilichochonga kwa mkono wangu.

“Wewe fundi Zubairi?”

“Ndiyo, afande.”

“Hii redio hapana sema. Mafundi tatu nashindwa. Moja naunga waya ya ndani na karatasi ya kung'aa ya sigara, moshi natoka, mimi nachapa yeye. Tena haina jina ya kampuni. Nani natengeneza kitu kama hii?”

“Mafundi wa mitaani ni wengi, afande.”

Akakaa kwenye benchi, akatoa bastola akailaza mezani karibu na chuma changu cha kuchomelea. “Leo itasema. Hapana sema, mimi naenda na wewe, wewe utasema.”

Watu wengi hudhani sisi Wanubi tulikula sahani moja na askari wale. Wapo waliokula, sikatai. Mimi niliwaogopa kama kila mtu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Ubovu niliujua kabla sijashika bisibisi: fyuzi haipo, iko kwenye kitenge cha Akwero. Nikiitengeneza upesi, sajini atauliza nimejuaje, na jibu litanipeleka kwa Onen. Nikichelewa, saa sita na nusu Akwero ataingia, ataiona redio ya mumewe, atapiga yowe, na tutakufa wawili. Kwa hiyo nilitakiwa kutafuta kitu nilichokijua kilipo, mbele ya mtu mwenye bastola, nisiwahi wala nisichelewe.

Nikaanza ukutani. Nilipima soketi, nikatikisa kichwa kama mganga. Nikafungua plagi, nikaifunga. Nikaukagua waya inchi kwa inchi, nikaukata kipande kizima kisicho na kosa, nikauunga upya. Sajini alipiga miayo. Nikapima zile taa za vioo za ndani zinazoiendesha redio, moja moja, nikazipuliza vumbi. Saa ya ukutani ikasema saa sita na dakika tano. Nikajiambia, bado dakika kumi, kisha utakiona kibanio kitupu, utashangaa, utamaliza, ataondoka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kipumbavu. Nilichomeka plagi nijifanye najaribu, na mkono wangu ukazunguka nyuma ya sanduku, chini kabisa, ukabonyeza swichi. Sikutazama hata. Mkono ulijua njia kama unavyojua mdomo ulipo.

Sajini alikaa sawasawa. “Wewe. Mimi natafuta hiyo swichi siku mbili ndiyo napata. Wewe hapana angalia. Nani naambia wewe swichi iko huko?”

Nilikuwa namfikiria binti yangu Kulusum, ambaye hata sikumuaga asubuhi ile.

“Hodi uji!”

Akwero. Siku hiyo sukari haikupatikana, alipika kidogo, ukaisha mapema, na alikuwa amebakiza kikombe changu tu na ziada. Aliingia na debe kichwani. Akaona redio, akaona blanketi. Akanitazama mimi, kisha bastola, kisha mkono wangu uliokuwa bado nyuma ya sanduku. Nilifumba macho nikingoja yowe.

“He! Afande, unamshangaa huyu mzee?” akasema, na sauti yake ilikuwa ya kila siku, ya utani. “Huyu redio anazinusa. Mkewe akimtuma sokoni nyama anasahau, lakini swichi hasahau. Hata ya shetani angeiona gizani. Uji, afande? Hauna sukari, bambi, nisamehe, ila ni wa moto.”

Sajini alimtazama. Kisha akacheka, tumbo likatikisika. “Lete uji.”

Akammiminia. Hakumwaga hata tone, nilikuwa namtazama. Mimi nikainama na bisibisi, nikasema kwa mshangao wa uongo, “Kumbe! Hapa chini pana kibanio, afande. Fyuzi imetoka.”

“Weka ingine.”

“Sina, afande. Kampala nzima hakuna. Naweza kuweka karatasi ya sigara, kwa...”

“Hapana karatasi!” Akapiga meza, uji ukaruka. “Ile moja naweka karatasi, moshi. Nataka kitu ya kweli. Mimi namaliza kikombe hii, redio haisemi, wewe naingia gari.”

Aliinua kikombe akanywa. Nilikuwa na makopo manne ya vipuri kwenye rafu, na nilijua kwa hakika hakuna fyuzi hata moja.

Akwero alikuwa amesimama na kikombe changu mkononi. “Redio nzuri, afande,” akasema. “Umeipata wapi, nami nimwambie mume wangu anitafutie?”

“Mtu moja ya reli napea mimi,” sajini akajibu, anafuta mdomo. “Yeye haina kazi na redio tena.”

Akwero akageuka kana kwamba anajifunga kitenge vizuri, kisha akaninyooshea kikombe. “Kunywa, Baba Kulusum, kabla hakijapoa.” Nilipokipokea, chini ya kikombe vidole vyake vilisukuma kitu kwenye kiganja changu. Kijiti cha kioo, bado kina joto la mwili wake.

Nilitumbukiza mkono kwenye kopo la misumari, nikakoroga kwa kelele, nikautoa. “Alhamdulillahi, afande! Kumbe imebaki moja.”

Nikaipachika. Zile taa za ndani zikaanza kuwa nyekundu pole pole, na baada ya muda spika ikakohoa, ikasema. Ilikuwa Radio Uganda, maana mshale ulikuwa palepale Onen alipouacha. Akwero aliutazama ule mshale tu.

Sajini aliinamisha sikio kwenye redio, akaridhika, akaichomoa, akaifunga kwenye blanketi la Onen, akaenda zake. Hakunilipa mimi wala uji, na shukrani hakutoa. Nilingoja mpaka gari likaishia kwenye kona.

“Mama Anena,” nikamwambia, “umeniokoa. Nami nimekunyang'anya fyuzi ya mumeo.”

Benchi alilokalia sajini hakuligusa. Aliketi chini kwenye sakafu, akanyoosha miguu, kama wanawake wanavyoketi msibani. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta pindo la kitenge, vinalikuta tupu, vinatafuta tena.

“Baba Kulusum, una redio nyingine nzima humu?”

“Ziko tatu.”

“Ziwashe zote. Sauti mpaka mwisho.”

Nilielewa. Mlango sikuufunga, kwa sababu mlango uliofungwa mchana ulivuta macho kuliko kilio, na kilio cha mke wa Mwacholi siku zile kilileta gari lile lile. Niliwasha redio zote tatu, Radio Uganda, bendi ya jeshi inapiga matarumbeta, meza ikatetemeka na makopo yangu yakagongana rafuni. Chini ya kelele ile Akwero alifungua mdomo akamlilia mumewe, akamwita kwa jina lake na kwa jina la baba yake, akapiga sakafu kwa viganja. Mimi nilisimama mlangoni nimempa mgongo, watu wasimwone, na uso wangu ulikuwa umelowa.

Jirani yangu Dawudi, fundi wa viatu, alipita akanipungia mkono. “Fundi!” akapaza sauti juu ya matarumbeta. “Leo kuna harusi kwako?”

Nikamjibu kwamba najaribu spika.