Baba Mkwe na Migono Yangu

Nilimkuta baba mkwe wangu amechuchumaa ukingoni mwa bwawa langu, suruali kaikunja mpaka magotini, mgono wangu wa kutegea samaki kauinamisha kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Samaki wadogo walikuwa wanateremka majini mmoja mmoja, na mzee anawasindikiza kwa maneno: "Nendeni, wanangu. Nendeni mkakue."

Ilikuwa saa moja asubuhi, jua limeshatoka, hakuna cha kusingizia giza. Nilikuwa na binti yangu mgongoni na ndoo mkononi. Ndoo ilidondoka. Uvumilivu wangu nao uliishia hapo hapo.

Wiki tano nzima nilikuwa namtafuta mwizi. Nilimshuku kenge. Nilimshuku fisi maji. Nilimshuku jirani ambaye paka wake wamenenepa bila sababu ya maana, nikaacha hata kumsalimia, masikini wa Mungu. Kumbe mwizi wangu nampelekea chai kila asubuhi, tena nikipiga na goti.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya nyumba yetu, Pasiansi. Tulilichimba mimi na mume wangu kwa koleo, tukapanda vifaranga vya sato. Aliyetuuzia aliapa kwamba wote ni madume. Baada ya miezi michache madume yale yalikuwa yamezaa. Sato hajui mapumziko: anatunza mayai mdomoni, anatema watoto, anaanza upya. Mimi mwenye mtoto mmoja nilichoka kwa kumwangalia tu. Bwawa likajaa vitoto, chakula kikawa cha kugombania, na hakuna aliyekua. Mavuno ya kwanza yalikuwa samaki wa ukubwa wa kiganja. Cha binti yangu, si changu.

Mume wangu, ambaye anafanya kazi Sengerema na hurudi Jumamosi, aliinamia beseni akawatazama kwa muda mrefu.

"Mama watoto, hawa ni sato au ni dagaa waliovimba?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema mavuno yajayo yakiwa hivi tena, tunalifukia bwawa, tunajenga vyumba vya kupangisha. Na hakuwa anatishia tu, maana fundi alishakuja kupima kwa hatua.

Nikamtafuta bwana samaki wa kata. Akachota maji, akanusa, akasema, "Dada, tatizo lako si chakula, ni msongamano. Punguza wadogo, wanaobaki watakua." Akanifundisha kusuka migono kwa waya wa mabanda ya kuku: umbo la pipa, mdomo unaingia ndani ukiwa mwembamba, kiasi kwamba mdogo anapita na mkubwa anabaki nje akishangaa. Ndani unaweka donge la ugali lililochanganywa na pumba. Nazamisha Jumatatu na Alhamisi jioni, natoa Jumanne na Ijumaa asubuhi. Wanaopatikana tunawakaanga mpaka miiba inatafunika, na wengine ni wa bata. Kazi nyepesi kuliko kufua nepi.

Siku ya kwanza nilitoa nusu ndoo. Kisha migono ikaanza kutoka mitupu, donge limeliwa, samaki hakuna. Kitu kimoja kilinishangaza. Mimi hufunga kamba ya mlango wa nyuma wa mgono, wa kutolea samaki, kama kamba za viatu, lakini asubuhi nilikuwa naikuta na fundo gumu la kufunguliwa kwa meno. Mwizi gani anakufungia mgono vizuri kuliko ulivyoufunga mwenyewe?

Pale ndipo nilipaswa kuelewa. Baba mkwe kavua ziwani maisha yake yote, na alipozeeka wakamtia kwenye kamati ya mwalo, ile inayolinda sheria za uvuvi pale mitumbwi inapopakulia samaki. Yeye ndiye alikuwa mshika rula. Sato akipungua kipimo, nyavu zinachomwa moto, na kiberiti kinatoka mfukoni kwa mzee. Mpaka leo akipita sokoni Kirumba kuna wauzaji wanaofunika mabeseni. Kwa mtu kama huyo, anayetoa samaki mchanga majini ni mhalifu. Na mhalifu alikuwa mkamwana wake, mara mbili kwa wiki, nyuma ya dirisha lake. Hakutaka kuniaibisha. Aliamua kuwakomboa wafungwa kimya kimya.

Sasa, kwetu mkamwana hampandishii baba mkwe sauti. Hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Kwa hiyo nilimteremsha binti yangu mgongoni, nikamsimamisha katikati yetu, nikazungumza naye.

"Mwanangu, mwamkie babu. Sema shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee akajibu bila kugeuka.

"Mwambie babu, hao anaowaachia ndio wanaowanyima wenzao chakula."

"Mwambie mama yako, samaki lazima azae kabla hajaliwa. Ndiyo sheria."

"Mwambie babu, hawa wameshazaa! Umri wanao, hawana kimo tu."

"Mwambie mama yako, sheria haiulizi umri. Inatumia rula."

"Mwambie babu, hiyo ni sheria ya ziwa. Hili ni bwawa."

"Mwambie mama yako, maji ni maji."

"Mwambie babu, baba yako atalifukia!"

Binti yangu, mwenye mwaka mmoja na nusu, alitutazama kwa zamu, akanyoosha kidole kwenye mgono. "Aki," akasema, ndiyo samaki yake hiyo.

"Umesikia?" mzee akafurahi. "Hata mtoto anawahurumia."

"Anataka kuwala!"

Hiyo nilimwambia yeye mwenyewe, usoni, kwa sauti ya kufukuza mbuzi shambani. Mzee akafunga mgono kwa fundo lile lile, akakunjua suruali, akaondoka na heshima zake zote. Zangu zilibaki matopeni.

Nikampigia mume wangu. "Vumilia, ni mzee," akasema. "Sasa utafanyaje, utamshtaki?"

Wazo lilikuwa lake, mimi nililitekeleza tu.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni mama mtu mzima. Alinisikiliza, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, unamshtaki mkweo kwa kosa la huruma?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika. Mdomo wako siwezi kuugonga mhuri."

Niliandika pale pale, mtoto akitafuna kona ya daftari. Mhuri uligongwa. Nanukuu:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BABA MKWE WANGU KWA KUACHIA SAMAKI WANGU

Mimi ni mkazi wa mtaa wako na mwenye bwawa moja, ambalo litafukiwa kama samaki hawatakua. Samaki hawatakua kama wadogo hawatapunguzwa. Wadogo hawapungui kwa sababu mlalamikiwa anawarudisha.

Mlalamikiwa ni mtu mwema, si mlevi, na ninamheshimu. Kwa kuwa mila hainiruhusu kumfokea, naomba ofisi yako imfokee kwa niaba yangu, kwa adabu.

Naomba aitwe hapa kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Najua ofisi hufunguliwa saa mbili, lakini yeye huamka mapema. Apewe kiti na chai, aulizwe habari za kamati ya mwalo, maana akianza hamalizi. Asiruhusiwe kuondoka kabla ya saa tatu.

Shauri hili lisiamuliwe haraka. Naomba liwe linaahirishwa mpaka nitakapovuna.