Uzi wa Pikipiki ya Bwana Meneja

Mimi nilihitimu shule ya usiku hapa Kericho, na Kiingereza kilinijaa mpaka kikawa kinamwagika njiani. Ndiyo maana Bwana Meneja wa shamba letu la chai aliniahidi ukarani, mradi nimwonyeshe kwamba naelewa maagizo yake.

Juzi akatuletea karakanani, mimi na fundi wangu, pikipiki yake na barua ya Kiingereza: bolti ya kufungia oili haina tena "thread", iwekwe mpya.

Fundi Okelo, asiyejua hata herufi moja, aliishika bolti akasema, "Hii imekwisha meno. Tukate mengine."

"Meno yako mwenyewe, omera, ndugu yangu!" nikamcheka. "Barua inasema 'thread', yaani uzi. Wewe umesoma wapi?"

Nikakimbia dukani, nikanunua uzi wa kushonea magunia, nikaizungushia bolti mara mia tano, nikaikaza. Bwana akaipanda pikipiki kuelekea Sigowet, nami nikachana nywele kikarani.

Saa sita alirudi kwa miguu, soksi nyeupe zimelowa oili, akikunja mkononi ule uzi uliofumuka njia nzima, hatua kwa hatua mpaka mlangoni petu.

"Nani fundi cherehani hapa?"

Okelo akanisukuma mbele kwa upole. "Ni huyu, Bwana. Yeye ndiye amesoma."